Kioo Kilichomwona Mama Mkwe

Wiki niliyokabidhi funguo za gari, afisa usafirishaji wetu aliniomba jambo moja kabla sijaondoka: niwaandikie madereva vijana faida na hasara za kioo cha kidijitali. Gari letu la huduma ya macho ndilo la kwanza idarani kufungwa kioo hicho, na mimi ndiye niliyekitumia, kwa hiyo alidhani nina la kusema. Ninalo. Ila yeye alitaka ukurasa mmoja wenye safu mbili, na mimi sijawahi kufika popote kwa njia ya mkato. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Cheo dereva hana, na mshahara mnaujua wenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Mzee Wambura, dereva mkongwe aliyepewa jukumu la kunifundisha, alinipa kitambaa akaniambia nifute kioo cha ndani. Nilikifuta. Akaingia, akakitazama, akaniambia nikifute tena. Ilipofika saa ya chai nilikuwa nimekifuta mpaka nimejichukia uso wangu mwenyewe. Ndipo akanieleza kwamba mbele hata abiria anaona. Dereva anaajiriwa kwa ajili ya nyuma. Nilidhani ananitania. Baadaye nikagundua kwamba Mzee Wambura hakuwa mtu wa utani kabisa, na jambo hilo lilimfanya achekeshe kuliko wote.

Somo la pili lilihusu ukwe. Ninyi mliotoka mikoa mingine mnisikilize vizuri hapa, maana bila hili hamtaelewa yaliyonipata. Kwetu Wakurya mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anachepukia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima iliyojaa hadi ikamwagika. Sasa mlete mama mkwe huyo kwenye siti ya nyuma, halafu umwekee mkwewe kioo mbele ya pua. Mzee Wambura alikuwa na dawa: kabla mama hajapanda, unageuza kioo kitazame paa, na hukirudishi mpaka ashuke. Yeye mwenyewe aliwahi kumsafirisha mkwewe kwa namna hiyo kutoka Tarime hadi Musoma, akiendesha kwa adabu kubwa njia nzima, akafika akakuta siti tupu. Mama alikuwa ameshuka zamani kununua ndizi pale waliposimama kupisha ng'ombe. Mzee Wambura aligeuza gari akarudi kumfuata, na kioo kikiwa bado kimetazama paa, kwa sababu hakujua atamkuta sehemu gani ya barabara.

Nilipooa, nikarithi dawa hiyo. Mke wangu Bhoke ni mtu wa Kenyamonta, na mama yake mpaka leo anakaa huko na ng'ombe wake. Nimembeba mara nyingi kwenda misibani na harusini. Kikohozi chake nakijua, mlio wa fimbo yake akipanda gari naujua, hata anavyovuta pumzi akiona daraja naujua. Uso sikuujua. Jina lake pia silitaji, na hapa sitaliandika, mtaniwia radhi.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa gari la macho. Kazi yake ni kuzunguka vijijini, Tarime na Serengeti, kukusanya watu wenye mtoto wa jicho na kuwapeleka Mugumu wapasuliwe madaktari bingwa wanapokuja. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya. Unampeleka mtu akiwa ameshikwa mkono, unamrudisha akiwa anakusahihisha njia. Nakumbuka mzee mmoja wa Natta tuliyemrudisha kwake amepona, akasimama zizini akawatazama ng'ombe wake, akakana katakata kwamba ni wake. Muda wote aliokuwa haoni, wanawe walikuwa wakimwambia wamenona. Tuliondoka tukiwaacha wanawe wakijieleza.

Katika gari hilo ndipo kilipofungwa kioo cha kidijitali. Kwa nje kinafanana na kioo cha kawaida, lakini ni skrini. Nyuma ya gari, juu ya namba, kuna kamera ndogo kama kifungo cha koti, na inachokiona ndicho unachokitazama wewe. Faida nilianza kuziona siku hiyo hiyo. Gari la wagonjwa huku halibebi wagonjwa peke yao; linabeba magodoro, masufuria, kuku wa kumshukuru daktari, na ndugu wanne wa kila mgonjwa, wote wamesimamisha vichwa. Kwa kioo cha zamani nilikuwa naona kilemba tu. Kwa hiki niliona barabara nyeupe, kama vile nimebeba hewa. Na kikizimwa kinabaki kioo cheusi kinachokuonyesha sura yako. Asubuhi nilikuwa nachania nywele hapo na kujisifu kwa afisa usafirishaji kwamba nastaafu bila mvi hata moja. Yeye alikuwa anacheka sana, nami nikadhani anafurahi pamoja nami.

Hasara nazo hazikuchelewa. Vumbi la barabara zetu halijui teknolojia. Ukitoka Nyamisangura, pale Tarime mjini, asubuhi kamera inang'aa. Ukitembea kidogo tu kwenye changarawe unatazama uji wa ulezi. Kila kituo nilikuwa nashuka kuifuta, na mara moja niliposahau, ndama akanifanyia kazi hiyo kwa ulimi, nikabaki na picha ya ulimi mpaka kijiji cha pili. Halafu kuna macho yenyewe. Kijana haoni tofauti, lakini mtu wa umri wangu akitoa macho mbali barabarani akayaleta kwenye skrini iliyo karibu, yanachukua muda kutulia, na lori halisubiri. Na abiria nao wanaitazama. Bibi mmoja alilalamika kwamba tangu apande ameonyeshwa vumbi tu, akaniomba nibadilishe stesheni.

Ila faida moja niliithamini kuliko zote, nayo watengenezaji nadhani hawakuifikiria. Kioo hiki hakionyeshi siti ya nyuma. Kinaruka vichwa vyote kinakwenda nje. Nilipoelewa hilo nilikaa kwenye gari nikacheka peke yangu. Ningeweza kumbeba mama mkwe toka Kenyamonta hadi mwisho wa dunia bila kugeuza kioo, na heshima ikabaki palepale.

Nafasi ilikuja mapema. Mama alikuwa ameanza kupoteza macho yote mawili. Bhoke alikuwa akilia usiku kwamba mama yake anapapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Tulimwandikisha, madaktari wakasema watalitengeneza jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto watakapokuja tena, baada ya hapo hawarudi mpaka mwaka mwingine. Nikampeleka Mugumu, Bhoke akiwa pembeni yake. Jicho la kwanza likafunguka. Njiani kurudi nilimsikia nyuma yangu akitaja vitu kimoja kimoja, mti, mbuzi, mbuzi mwingine, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu wanawe waliorudi salama. Nilifurahi mpaka nikapitiliza kona ya kwao.

Tulifika Kenyamonta mchana. Nilikaa nikitazama mbele kama desturi inavyotaka, wakashusha mizigo, Bhoke akaingia ndani na godoro. Nikasubiri nisikie mlango wa nyumba. Nikausikia. Nikatia rivasi.

Skrini ikajaa uso.

Mama mkwe hakuwa ameingia ndani. Aliyeingia alikuwa Bhoke peke yake. Mama, kwa jicho lake jipya, alikuwa ameona kitu cha mviringo kinang'aa nyuma ya gari akainama kukichunguza. Alikuwa amesogeza jicho hadi karibu kugusa kamera. Nilikanyaga breki na gari likazima kwa kishindo. Wanangu, nimeendesha magari kwenye mito iliyofurika na sijawahi kuogopa vile. Ningekuwa na kioo cha Mzee Wambura kimetazama paa, leo hii Bhoke angekuwa yatima na mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Nilimwona kila kitu: paji la uso, makunyanzi, mdomo umeachama kwa mshangao. Alikuwa Bhoke mwenyewe, aliyezeeka. Nilimpenda palepale, na palepale nikaona aibu ya kumpenda kwa kumtazama.

Shemeji yangu, kaka yake Bhoke, alitoka mbio kuuliza gari limegonga nini. Mimi nilikuwa nimeshaweka kofia usoni. Nikamwambia sijagonga, nimemwona. Akaelewa. Akashika kichwa.

Jambo likaenda kwa wazee. Mzee Matiko, mkubwa wa ukoo wao, alituma neno kwamba mpaka shauri liamuliwe nisimbebe tena mama mkwe, maana mtu aliyevunja heshima hafungi safari na aliyevunjiwa. Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Gari la macho ni moja na dereva wake nilikuwa mimi. Pikipiki kwa ile barabara ingemtikisa mpaka jicho lililotengenezwa litoke. Na madaktari walikuwa wanarudi juma lililofuata kwa mara ya mwisho mwaka huo. Bhoke hakunilaumu, lakini aliacha kuniuliza nitakula nini, na hiyo kwetu ni lawama tosha.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Mzee Matiko, wazee wamejaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Niliamkia shikamoo, nikaketi kwenye kigoda. Afisa usafirishaji wetu alikuja pia, binti mwenye huruma, akitaka kusaidia. Akawaeleza wazee kwamba kioo kina memori kadi na kinarekodi kila kitu, hivyo hakuna haja ya kubishana. Waende kwenye gari wakaangalie wenyewe. Wazee wakafurahi sana. Wakasimama, wakatoka, wakalizunguka gari. Binti akabonyeza, na Mzee Matiko akawa wa kwanza kuinama dirishani. Ghafla akarudi nyuma na kujifunika kwa koti.

Alikuwa amekumbuka kwamba mke wake wa pili anatoka nyumba moja na mama mkwe wangu, na kwa hesabu ya ukoo huyo mama ni mkwe wake pia. Mwingine akasema hata yeye mdogo wake ameoa huko. Wakaanza kuhesabu. Ikaonekana kwamba katika kikao kizima hapakuwa na mwanamume aliyeruhusiwa kuutazama ushahidi. Wazee wote wakalipa gari kisogo, wakasimama wakitazama migomba, na picha ya mama ikiendelea kucheza nyuma yao.

Aliyeokoa ni Mwalimu Selemani, mkuu wa shule ya jirani, mtu wa Lindi ambaye hajaoa Mkurya wala hana mpango. Aliitwa kutoka darasani aje atazame kwa niaba ya ukoo. Akaketi kwenye siti yangu, akavaa miwani, akaeleza kwa sauti ya kusomesha imla kwamba anaona mwanamke mtu mzima, ana jicho moja limefunguka vizuri, anasogea, anasogea zaidi, sasa meno ya juu yanaonekana.

Mzee Matiko akasema bila kugeuka, "Mwalimu, inatosha. Usituchoree."

Tukarudi ndani, na hapo mjadala ukapamba moto. Mmoja alisema nilichokiona si mama, ni picha. Hata msoma habari wa televisheni anaonekana kila jioni na hakuna anayesema amemtembelea. Mwingine akajibu kwamba msoma habari hasimami nyuma ya gari lako. Wa tatu akauliza kifaa chenyewe ni nini, kioo au televisheni. Kama ni kioo, basi nimemwona mama, nina hatia mbele ya ukoo. Kama ni televisheni, basi ukoo hauna neno na mimi, ila nilikuwa natazama televisheni nikiwa kwenye usukani, na kwa hilo nina hatia mbele ya trafiki. Wote wakanigeukia nichague. Afisa usafirishaji akasema kitaalamu ni vyote viwili. Hakusaidia.

Nikaomba kusema. Niliwaambia wazee kwamba waniite lolote wanalotaka, lakini yule mama amebakiza jicho moja la kutengenezwa, na nikishindwa kwenye kikao hiki analipoteza. Mzee Matiko akakohoa.

"Mura," akaniambia, yaani kijana, "kama usingemwona, ungemuua. Sasa sisi tukuadhibu kwa kuwa yuko hai? Mpeleke. Lakini hicho kitu ukifunike."

Nikamweleza kwa adabu kwamba akiwa ndani ya gari hakiwezi kumwonyesha, hakuna cha kufunika. Akasema wao hawajui kesho kitajifunza kuonyesha nini. Na saiti mira, vile vioo vya milangoni, nazo nizikunje, akaongeza, maana mama huyo ana tabia ya kuchungulia dirishani, na sasa ana jicho la kuchungulia. Nikakubali. Askari wa usalama barabarani akisoma haya, nimeshastaafu.

Basi juma lililofuata niliondoka Kenyamonta bila kioo hata kimoja. Skrini ilikuwa imefungwa khanga ya Bhoke, saiti mira zimelala kama masikio ya punda aliyechapwa. Bhoke ndiye tuliyemfanya kioo: alipiga magoti kwenye siti ya kati, amegeukia nyuma, kazi yake kunitajia yanayokuja. Alianza vizuri. Pikipiki. Vumbi. Pikipiki. Lakini mtu hasafiri kinyumenyume kwenye kona zile akabaki salama. Kabla hatujafika mbali alikuwa ameinamia mfuko wa plastiki anatapika, na mimi naendesha gizani kwa upande wa nyuma, natembea mwendo wa mazishi. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia.

Ndipo nikasikia fimbo ikigonga sakafu ya gari, na mama akijigeuza kwenye siti.

"Bhoke," akasema, "mwambie dereva kuna lori la mahindi."

Bhoke akaguna ndani ya mfuko. Nilihesabu hilo kuwa ujumbe umefika. Nikapisha, lori likapita.

Kuanzia hapo mama mkwe akawa kioo changu. Aliifanya kazi ile vizuri kwa jicho moja kuliko kamera ilivyoifanya kwa umeme. Kamera inakuonyesha gari. Mama alinieleza limebeba nini, dereva wake kafunga mkanda au la, na kama ana haraka au ana wazimu tu. Kila neno alilipitisha kwa Bhoke, na Bhoke, aliyekuwa na rangi ya majivu, aliguna kila mara ili heshima isipungue. Karibu na Natta basi moja lilikuja kwa kasi likitaka kupita kwenye kona. Nilisikia sauti ya mama ikipanda, mwambie asogee, asogee kushoto, na mara ya tatu yule Bhoke wa kuambiwa hakuwemo tena kwenye sentensi. "Sogea!" Nikasogea mpaka kwenye nyasi. Basi likapita likipiga honi.

Kisha, kwa sauti ya chini, mama akasema Bhoke aniambie kuna twiga nyuma yetu wanavuka. Nimepita Natta maisha yangu yote ya kazi. Twiga kwangu walikuwa sababu ya kupunguza mwendo. Nikamwomba Bhoke amuulize ni wangapi. Mama akasema wanne, na mmoja mdogo anasitasita, amerudi, hapana, amevuka. Nilisimamisha gari nikashangaa kuona nalia. Hakuna aliyeniona, maana hapakuwa na kioo.

Jicho la kushoto nalo likafunguka. Safari ya kurudi alikuwa na macho mawili na hakunyamaza hata kidogo.

Kwa hiyo, afisa wangu, uniandikie hivi kwenye zile safu zako. Kioo cha kidijitali ni kizuri. Kifutwe vumbi, kisitazamwe na abiria, dereva mzee apimwe macho kwanza. Kiliniokoa nisiue mtu, na kwa hilo sitakisema vibaya mpaka naingia kaburini. Hasara yake kubwa ni kwamba kinaona kila kitu na hakifurahii chochote.

Siku ile ya mwisho nilipomfikisha mama kwake nilisubiri, na safari hii nikamwomba Bhoke ahakikishe kwa macho yake kwamba mama ameingia ndani. Hakuwa ameingia. Nilisikia fimbo ikisimama karibu na mlango wa nyuma wa gari. Alikuwa hajawahi kuona kwangu kitu kingine zaidi ya kisogo, nacho hakuwa amekiona vizuri tangu macho yake yaanze kufunga.

"Bhoke, mwambie dereva namshukuru," akasema. "Na umwambie kichwa chake huku nyuma kimekuwa cheupe chote."

Nikamwambia Bhoke amjibu kwamba najua. Sikuwa najua.